Kelele Inayotoka Ndani ya Kipokezi

Nimestaafu ufundi wa redio za masafa mafupi, kazi niliyoishika tangu ujana, wakati vipokezi vyenyewe vinatupwa majalalani. Liko jambo moja ambalo bado nalibishania. Jirani mwenye nguvu akikizidi kituo dhaifu, mafundi hukimbilia kubadili kichanganyaji, ilhali mara nyingi mwenye kosa ni osileta. Osileta haitoi masafa yake peke yake. Kandokando yake kuna kelele, na kituo kikubwa kikichanganyika na kelele hiyo, huimwaga juu ya kile tunachokitafuta. Tuseme kelele hiyo, kilohezi 10 kutoka katikati, iko desibeli 120 chini ya osileta kwa kila hezi. Chujio la hezi 2,400 hukusanya desibeli 34 zaidi, tofauti ikabaki 86. Jirani akiingia na desibeli 20 chini ya miliwati moja, kelele inasimama kwenye 106, na kituo cha 115 hakisikiki tena. Kichanganyaji cha bei yoyote hakiiondoi.

Wakubwa wa kazi walishikilia kwamba kichanganyaji cha diodi nne kilichosawazishwa huifuta. Hupunguza ile ya kupanda na kushuka kwa ukubwa wa mawimbi. Kelele ya fezi, ambayo ndiyo hii ninayoisema, hupita kama ilivyo. Wengine husema radi za tropiki hufunika yote. Usiku kwenye megahezi 7, mara nyingi ni kweli. Mchana kwenye megahezi 21 radi hupungua sana, lakini kelele ya osileta humfuata jirani kwa kadiri ya nguvu zake. Kosa kubwa zaidi lilikuja na sintesaiza: watu waliona masafa hayahami, wakadhani ni safi. Kutulia si usafi.

Mhandisi Leeson alionyesha mwaka 1966 kwamba ubora wa koili ukiongezeka maradufu, kelele ya karibu hushuka desibeli 6. Mimi napendelea kuendesha osileta juu na kugawa kwa 4, unapata 12, mradi kigawanyaji chenyewe kisiwe na kelele. Na vijana mnaosema vipokezi vya kidijitali havina tatizo hili, saa inayochukua sampuli hufanya vilevile ikiwa chafu. Kabla ya kununua kichanganyaji kipya, ingiza mawimbi ya osileta ya kwatzi kilohezi 10 pembeni, uyaongeze nguvu hadi kelele ipande desibeli 3, uandike kiwango hicho.