Mbegu ya Mpunga kwa Bonde la Chumvi
Hapa Kizimbani wakulima huniuliza: maji ya bahari yameingia bondeni, mbona mpunga wangu umeungua na wa jirani umesimama? Mimi huuliza kwanza mbegu. Zamani sana vinasaba vya mpunga vinavyopitisha chakula cha mmea vilijinakili, kila nakala ikashika kazi yake. Moja huingiza sodiamu mizizini potasiamu ikipungua. Nyingine huizuia sodiamu isifike majanini. Mbegu zinazostahamili chumvi huizuia vizuri zaidi. Basi ulizia mbegu kama SATO 1 au SATO 6. Na mabua usiyatoe shambani, yamebeba potasiamu nyingi. Nawe muuza mbegu, usichanganye: msimu wa mtu umo kwenye gunia hilo.