Tabora: Kioo Kikipasuka Mbali na Pwani

Ukishuka kwenye treni mjini Tabora, utakaribishwa kwa "Mwangaluka" na kwa kivuli cha miembe. Reli ilifika hapa mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walikuja kwa miguu kutoka pwani, wakifuata njia ya misafara iliyokwenda hadi Ujiji. Burton na Speke walitembea zaidi ya miezi minne mwaka 1857 kabla ya kufika. Wanyamwezi, wapagazi hodari wa njia hiyo, walibeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga mabegani.

Kilomita chache nje ya mji, huko Kwihara, ipo nyumba ya tembe iliyogeuzwa makumbusho. Humo Dk. Livingstone alikaa mwaka 1872 kwa miezi mitano baada ya Stanley kuondoka, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Mama wa Tabora wa leo anaijua subira hiyo simu yake inapoanguka na kioo kupasuka. Simu ya mama si pambo. Ndani yake mna akiba ya kikundi, ada ya mtoto, namba ya muuguzi na picha za wazazi waliotangulia. Kioo kikizima, hata fedha zake mwenyewe hawezi kuzigusa. Afanye nini: aende kwa fundi wa barazani, au aitafute huduma rasmi ya kampuni iliyotengeneza simu?

Fundi yuko karibu. Utamkuta kijana ameinamia meza yenye bisibisi na taa. "Shikamoo mama," atakusalimu, kisha ataigeuza simu yako. "Cha kopi ninacho, saa moja tu. Cha orijino lazima kiagizwe Dar." Kijana huyo amekuambia ukweli, na fundi wa namna hiyo ni wa kuthaminiwa.

Kituo rasmi kina faida zake. Kinatumia kioo cha kampuni yenyewe na kinatoa dhamana ya kazi. Simu za Tecno, Infinix na itel, kwa mfano, huhudumiwa na Carlcare. Lakini akina mama wengi hudhani kwamba dhamana ya simu mpya italipia kioo kilichovunjika. Kwa kawaida hailipii simu iliyoanguka, utatozwa. Na kama kituo kiko mji mwingine, ongeza nauli, chakula, malazi na siku za biashara zitakazopotea. Piga simu kwanza, uulize bei na kama kioo kipo, ndipo ufunge safari.

Je, kopi ni mbaya? Misafara ya zamani ilijua swali hili. Kitambaa cha merikani kilipewa jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilipopunguza shehena, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi yake. Mnunuzi mwenye busara alikipapasa kitambaa kabla ya kulipa. Vioo navyo havilingani. Kuna kopi inayodumu, na kuna yenye rangi iliyofifia, inayochelewa kuitikia kidole na kumaliza chaji upesi. Simu yenye alama ya kidole ndani ya kioo huweza kukataa kukutambua.

Basi pima hivi, mama mwenzangu. Simu ikiwa mpya, ya bei kubwa na bado ina dhamana, subiri huduma rasmi. Ikifunguliwa kwingine dhamana inaweza kufutwa. Ikiwa ya zamani na dhamana imekwisha, fundi mwaminifu anatosha. Na gharama ya kioo ikikaribia bei ya simu nyingine, kaa na mwenzi wako mpige hesabu upya.

Ukienda kwa fundi, toa laini kabla ya kumkabidhi simu. Usimtajie namba ya siri. Kaa hapo uifungue mwenyewe. Bonyeza *#06# na uandike namba itakayotokea, ili uhakikishe simu unayorudishiwa ni yako. Kabla ya kulipa, gusa kila pembe ya kioo, piga simu, jaribu kamera, spika na mwanga. Omba risiti inayotaja aina ya kioo na siku za dhamana, kisha omba na kile kioo cha zamani.

Na leo hii, kabla simu haijaanguka, nakili namba muhimu kwenye daftari na uhifadhi picha mahali pengine. Ukifanya hivyo, hata kioo kikichelewa wiki mbili kutoka Dar, utaweza kungoja bila hofu.