Filamu Isiyo na Haraka

Leo nawaandikia kutoka Ujiji, nilikoolewa miaka 19 iliyopita nikitokea Unguja. Nataka kuwapa habari ya filamu, na najua wengine mtanicheka, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisema filamu ni kupoteza wakati.

Huku filamu ni za kibanda umiza. Vijana wamebanana kwenye mabenchi, ngumi zinarushwa, na sauti ya mtafsiri iko juu ya kila kitu, kama alivyotuzoesha marehemu Lufufu. Hakuna pumzi inayopita bila neno. Ukishazoea hivyo, filamu ya kimya ni chai isiyo na sukari.

Sisi tuliangalia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Niliitaka kwa hamu ya nyumbani tu: Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo, vichochoro vya Mji Mkongwe. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume mtu mzima. Anamkimbia, anahifadhiwa na Mwajuma muimba taarab, anakutana na Denge, kijana wa siasa. Mwingine angeifanya mbio tupu, lakini Shivji hana haraka. Anaacha uso ukae mbele yako mpaka uanze kujiuliza mwenye uso anawaza nini. Giza, taa na rangi za kuta ndizo zinazosema.

Mwanzoni nilikuwa na sinia la dagaa mapajani, nachambua huku naangalia. Kufika katikati mikono ilikuwa imesimama.

Pembeni yangu alikaa binti yangu mkubwa, miaka 17, anasubiri mtihani wa kidato cha nne. Juu ya kabati kuna barua ya posa yake, wiki ya pili sasa. Mwenye posa ana mitumbwi miwili na nyavu zake, anaswali, hana sifa mbaya, ila umri wake unamkaribia mume wangu. Kila nikimuuliza binti, jibu ni lile lile: "Mtakavyoona nyinyi." Kisha ananyamaza. Nami nilikuwa nimeridhika, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake.

Yasmin yuko kimya kwenye kioo, binti akauliza, "Mama, huyu aliulizwa?"

"Aliulizwa nini?"

"Kabla ya kuozwa."

Sikuwa na jibu. Hadithi ile ile inaanza kwa kusema bikira aombwe idhini, na mimi nilikuwa nimeshika nusu ya mwisho. Kumwambia mtoto "baba yako ameshapendezwa, wewe unasemaje?" ndiko kumuuliza?

Chaji ya laptopu ikaisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Tukatoka barazani. Ilikuwa siku za giza, wavuvi wote wako ziwani na taa zao, na kutoka Ujiji unaona kama mji mzima umejengwa juu ya maji. Tulikaa muda mrefu bila kusema. Zamani ningeujaza ule muda kwa nasaha, mnanijua. Siku hiyo nilingoja tu, kama nilivyokuwa nikimngoja Yasmin, mpaka akasema mwenyewe: "Mama, mimi namuogopa yule. Na nataka kusoma."

Baba yake hakufurahi. Alisema filamu ndizo zinazoharibu watoto, na kwa siku mbili alikula bila kunisemesha. Lakini barua itangoja mtihani upite, na baada ya hapo yeye mwenyewe atakaa na binti yake amuulize.

Filamu tuliimaliza kesho yake baada ya Isha. Mkiipata, wekeni kazi pembeni. Dagaa zangu siku ile ziliingia mchanga kwenye mchuzi, na wote nyumbani walinilalamikia.