Jiko la Gesi: Tumwite Fundi au Tujitengenezee?

Ndugu msomaji, bila shaka wewe nawe umekwisha kuusikia ubishi huu nyumbani kwako. Jiko la gesi limekataa kuwaka sawasawa, chakula hakijaiva, na watoto wanauliza. Baba anasema, "Nileteeni bisibisi, kazi ya dakika tano hii." Mama anasema fundi aitwe. Aghalabu hushinda yule anayetaja bei ya fundi. Maana ni nani apendaye kulipa nauli ya mtu na ujira wake, kwa ajili ya kazi ambayo angeweza kuifanya kwa mikono yake mwenyewe?

Mimi kwa tabia yangu ni mtu wa bisibisi. Walakini ubishi huu hauwezi kuamuliwa kwa tabia ya mtu, tena utazidi kuenea. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umeweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Kwa hiyo jiko ambalo ubovu wake mkubwa ulikuwa kujaa majivu linaondoka, na mahali pake unaingia mtungi.

Tuanze na kazi ambayo ni yako. Moto wa gesi ulio mzima ni wa buluu. Ukigeuka kuwa wa manjano na kuyapaka masufuria masizi, maana yake gesi haipati hewa ya kutosha kabla ya kuwaka. Moto wa namna hiyo hupoteza gesi, na lililo baya zaidi ni kwamba hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu katika vyumba vilivyofungwa. Hata hivyo chanzo chake mara nyingi ni uji uliofurika tu, au maziwa yaliyochemka mama akiwa dukani, yakaziba matundu ya kichwa cha moto. Kwa kazi hii usimpe mtu fedha zako. Funga mtungi, ngoja jiko lipoe, kioshe kichwa cha moto kwa maji ya moto na sabuni, zibua matundu kwa mswaki mkuukuu, ukaushe kabisa ndipo urudishe. Tazama na kile kijibomba kinachoingiza hewa, kwa maana buibui hupenda kutaga humo. Ila nozeli, kile kidude cha shaba chenye tundu dogo mno, usikichokoe kwa waya. Tundu lake limepimwa kiwandani. Ukilipanua, gesi itapita nyingi kuliko hewa, na masizi yatarudi pale pale.

Kadhalika ni yako kazi ya kupima kama gesi inavuja. Paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio yake, kisha fungua mtungi. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Mwaka wa mpira nao usome, maana mingi hupigwa chapa. Na ukiwa umeanza kupasuka-pasuka, nunua mwingine bila kungoja.

Baada ya hapo, naona mkono wa bisibisi ukome. Gesi iliyo mtungini imeshindiliwa hata ikawa maji, na lita moja ya maji hayo ikitoka huwa gesi ya lita 250 hivi. Mgandamizo wake kwa kawaida huupita ule wa tairi la gari dogo. Jikoni hata hivyo huhitajiwa mgandamizo mdogo sana, kama ule wa maji yenye kina cha sentimita 30 ndani ya ndoo. Kinachosimama kati ya nguvu hizo mbili ni regyuleta, na ndani yake ni ngozi nyembamba ya mpira inayopanda na kushuka.

Ngozi hiyo ndiyo iliyotugombanisha mwaka jana. Nyumba tunayokaa tumo familia nne, na jiko letu ni ukumbi mmoja mwembamba. Jirani yetu mmoja, mama anayekaanga maandazi ya kuuza, alisikia regyuleta yake inafoka. Akafunga mtungi, akamwita kijana anayetengeneza pasi na majiko pale kona ya mtaa. Kijana alifungua skrubu, akakuta ngozi imechanika, akasema atakata nyingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Bei yake ilikuwa ndogo, na kila mtu alifurahi.

Mimi nilisema hapana. Gesi hii huulainisha na kuuvimbisha mpira usiotengenezwa kwa ajili yake, na ngozi ile ingeweza kuachia wakati wowote, hata sote tukiwa tumelala. Tena ni gesi nzito kuliko hewa, haipandi dirishani. Hutambaa sakafuni kama maji. Hatua tatu kutoka jiko lile, familia nyingine hupikia mkaa. Sehemu mbili tu za gesi katika mia za hewa zatosha kushika moto.

Mama yule alinitazama, akaniuliza, "Haya, bwana mwandishi, na maandazi yangu ya kesho utayalipa wewe?"

Ndugu msomaji, lile lilikuwa swali la haki. Ni rahisi kumwambia mtu aite fundi wa kweli na kununua kifaa kipya, ikiwa asiyekula kesho si wewe. Nadhani ndiyo sababu mashauri mengi ya usalama hayasikilizwi mitaani. Hatari ilikuwa yetu sote, na gharama tulitaka iwe ya mjane mmoja. Jioni ile tulichanga, familia zote nne, na yeye alikaanga kwa mkaa siku mbili, akinung'unika.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya vichochoroni kwetu tu. Tarehe 16 Mei 1968, London, katika jengo la ghorofa 22 liitwalo Ronan Point, mpangaji wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti alfajiri ili achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja. Mlipuko uliusukuma ukuta nje, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka, watu 4 wakafa. Wachunguzi walilaumu ujenzi wa jengo lenyewe. Lakini chanzo cha kuvuja kilikuwa nati ya shaba iliyounga jiko na bomba, nayo ilikuwa hafifu kuliko kipimo kilichotakiwa. Leo nchini humo, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila za gesi, anayefanya kazi ya gesi kwa malipo hana budi awe ameandikishwa katika daftari maalumu, na mwenye nyumba za kupangisha hulazimika kukaguliwa vyombo vyake kila mwaka.

Mtaani kwetu daftari ni macho yako. Muulize fundi alijifunzia wapi, wala usimdharau aliyejifunzia kazini, kwa kuwa VETA huwatahini hata hao na kuwapa vyeti. Kisha mtazame anavyotafuta tundu. Akitoa kiberiti kwenye mfuko wa shati, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Fundi tuliyempata alikuja na sabuni yake katika kopo. Alifunga regyuleta mpya na mpira mpya, akapaka povu, akangoja muda ambao mama wa maandazi aliuona mrefu mno. Alipomaliza aliomba kisu, akaukata ule mpira wa zamani vipande viwili, na regyuleta akaiponda kwa nyundo kizingitini, asije mtu akaviokota jalalani na kuviuza.