Mwanangu, Usilale na Njaa

Mwanangu mpendwa,

Wasiwasi wetu ni wewe. Mama yako amenieleza kwamba umeamua kupunguza mwili na hutaki kutia kitu kinywani jua likishazama, kwa sababu wenzako kazini wamekuambia chakula cha usiku chote kinageuka kitambi. Amenieleza pia kwamba unaamka usiku wa manane kwa njaa, unashika simu mpaka alfajiri, na siku uvumilivu ukikuishia unashuka kwenye daladala saa nne usiku na kuagiza zege la chipsi na mayai matatu na soda baridi.

Kupungua ni uamuzi mzuri, nami nakuunga mkono. Njia uliyoishika ndiyo siipendi.

Kinachonenepesha kwanza ni wingi wa chakula, usiku au mchana. Mwaka 2022 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliwapa watu 30 wenye uzito mkubwa chakula cha kupimwa. Kipindi kimoja walikula sehemu kubwa asubuhi, kipindi kingine jioni. Uzito waliopunguza ulikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye njaa: waliposhiba asubuhi, njaa haikuwasumbua sana. Kwa mtu anayetaka kupungua hilo si jambo dogo, maana wengi hushindwa kwa sababu ya njaa.

Hata hivyo saa nayo ina neno lake. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kiliwalisha vijana 20 wenye afya mlo uleule, siku moja saa kumi na mbili jioni, siku nyingine saa nne usiku, nao wakilala saa tano. Mlo wa saa nne ulipandisha sukari ya damu juu zaidi kwa asilimia 18 hivi, na mafuta ambayo mwili huyatumia usiku yakapungua kwa takriban asilimia 10. Usiku ukiingia ubongo hutoa homoni ya melatonini inayoandaa usingizi, na homoni hiyo hupunguza insulini itokayo kwenye kongosho. Wali mwingi ukiingia saa hizo, sukari inakawia kwenye damu. Baba yako ana kisukari, mwanangu, kwa hiyo habari hii inakuhusu kuliko inavyomhusu jirani yako.

Na usingizi? Kinachousumbua zaidi ni kujilaza tumbo likiwa limejaa. Tindikali inapanda kooni, unapata kiungulia, unakohoa, unageuka huku na huku. Mafuta ya karai yanakaa tumboni muda mrefu, na pilipili inazidisha. Acha muda wa saa mbili au tatu kati ya kula na kulala. Siku ukichelewa, lalia ubavu wa kushoto. Lakini tumbo tupu nalo halilali, kama ulivyojionea. Na mtu aliyekosa usingizi huamka na hamu ya vitamu na vya kukaanga, kwa hiyo njaa unayojitesa nayo usiku unailipia kesho yake.

Mimi naona shida yako inaanza asubuhi. Unatoka nyumbani na chai ya rangi tupu, saa saba unakula andazi kwa kuwa kazi zimebana, halafu unakaa kwenye foleni mpaka usiku. Mwili ulionyimwa mchana kutwa, ukifika kwa muuza chipsi hausikii nasaha ya mtu.

Asubuhi kunywa chai na ule mayai ya kuchemsha na kiazi kitamu, au unywe uji mzito wenye karanga. Wali maharage na mchicha ule mchana, ushibe. Kabla hujatoka ofisini, saa kumi na moja na nusu hivi, kula chakula cha jioni chenyewe: ndizi za kupika, samaki, mboga. Ukifika nyumbani na njaa bado ipo, kunywa kikombe cha mtindi au kula tunda, usijinyime. Kahawa na soda za kuongeza nguvu ziishie mchana. Usitazame mizani kila siku, itakuvunja moyo bure.

Moja zaidi, nalo usilipuuze. Mama yako anasema unakoroma sana, na mara nyingine pumzi inakatika kisha unashtuka. Hilo halitibiwi kwa kubadilisha saa ya kula peke yake. Nenda hospitali ukamweleze daktari hivyohivyo, na asubuhi hiyo uende kabla hujala ili wakupime na sukari. Nenda wiki hii, kisha nipigie unisomee majibu.

Nakuombea afya njema.

Shangazi yako