Siku Ukuta Ulipogeuka Buluu

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi nilijifunza hayo mbele ya bwalo zima.

Kidato cha Nne walibakiwa na wiki mbili tu kabla ya mtihani wa fasihi. Chama chetu kikaahidi kuwaonyesha igizo lililorekodiwa la Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Mie nikajigamba kuwa projekta naijua nje ndani.

Jioni hiyo ukungu ulikuwa umetanda Wusi yote. Nikachomeka waya, nikawasha. Lo! Ukuta ukawa buluu tupu. "Fundi gani huyo?" wakaangua kicheko. Kijasho chembamba kikanitoka. Nikazima, nikawasha tena, wapi! Nilikuwa karibu kutangaza kwamba imeungua.

Ndipo msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza akaninong'oneza, "Kaka, kompyuta haijaambiwa itume picha." Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, akachagua picha ionekane kwenye kompyuta na ukutani pia. Picha hiyooo! Lakini ilikuwa pana juu, nyembamba chini, kwani niliiinamisha projekta nyuma kwa kuiwekea vitabu mbele. Akaviondoa, tukaipandisha juu ya meza mbili, ikautazama ukuta sawasawa. Mwisho akazungusha lenzi polepole hadi nyuso zikaonekana wazi.

Makofi yalipolia, walilitaja jina langu. Nikameza mate, nikasimama. "Jamani, si mimi. Ni huyu dada."

Msomaji mwenzangu, kuyasema hayo kulikuwa kugumu kuliko projekta yenyewe.