Kiti cha Baiskeli na Magoti Yako

Kama unayo baiskeli nyumbani, nenda ukaitazame kwanza. Kiti chake kiko juu kiasi gani, na ni nani aliyekiweka hapo? Mara nyingi ni fundi, siku ile iliponunuliwa, wala hakuna aliyekigusa tena.

Hapa Magomeni Mapipa yuko kijana apelekaye mikate madukani. Alfajiri hushika Barabara ya Morogoro, huvuka bonde la Jangwani, akapanda kwenda Kariakoo, na kreti zimefungwa kwenye keria. Mwaka jana magoti yalimwuma kwa mbele hata akaazimia kuiuza baiskeli, nayo ndiyo iliyowalisha mkewe na watoto wawili. Fedha zilikwisha katika dawa za kuchua. Nilipomwona akipita, magoti yalikuwa yakipanda karibu na kifua, kama mtu aliyechutama. Nikamwita, "Mdogo wangu, hebu simama kidogo."

Kipimo chenyewe ni hiki. Egemea ukuta, ukae kitini, pedeli moja iwe chini kabisa. Weka kisigino juu yake. Yapasa mguu unyooke, wala kiuno kisilalie upande. Kisha weka pale wayo unapotuna nyuma ya vidole, maana ndipo pa kukanyagia. Utaona goti limepinda kidogo, na hivyo ndivyo itakiwavyo. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walipima jambo hili. Waliona kwamba toka pedeli ya chini hata juu ya kiti yafaa iwe asilimia 109 ya urefu wa mguu, ukipimwa toka msamba hata chini. Mguu wa sentimita 80, basi, wadai kama 87.

Kiti cha kijana kilipungua vidole vinne. Tulikipandisha kidole kimoja kila baada ya siku chache, kwa maana mwili hauzoei ghafula. Alinung'unika kwamba miguu haifiki chini vizuri. Hofu hiyo naielewa, kwa magari yalivyo hapa mjini. Lakini mtu akisimama, na ashuke kitini. Baada ya mwezi hivi maumivu yalikwisha, na mikate yafika Kariakoo hata leo.

Goti likiuma kwa nyuma, au kiuno kikiyumba huku na huku, kiti kimezidi kwenda juu. Mikono ikifa ganzi, tazama kama pua ya kiti imeinama mbele. Tena bomba la kiti huwa na alama. Usilivute hata alama ikaonekana, lisije likavunjika nawe uko mteremkoni. Lakini goti lililovimba si kazi ya spana, lipeleke hospitali.

Na kama baba na mwana hutumia baiskeli moja, kwaruza bomba kwa msumari, alama ya kila mmoja, ili spana ifanye kazi yake kwa dakika moja asubuhi.